Majina ya daraja la tatu

Mtu anayefunga nyumba na kusafiri na watoto wote humwachia jirani ufunguo. Humwachia na kuku wa kuwaangalia, na sufuria aliyoazima juzi huirudisha kabla ya kutoka ili lisije likazuka neno nyuma yake. Jirani huyo hajui namba ya tiketi wala jina la nahodha. Anachojua ni nani alishikwa mkono kuelekea bandarini, nani alibebwa mgongoni, na nani alibaki akilia kwa sababu safari hii hakuchukuliwa.

Jioni ya Mei 20, 1996, wasafiri wa namna hiyo walijaa katika gati la Bukoba. Wengine walipandia Kemondo. Asubuhi iliyofuata, meli yao, MV Bukoba, ikiwa inakaribia Mwanza katika Ziwa Victoria, ililala upande, kisha ikapinduka. Ilielea tumbo juu kwa muda, na walio nje wakasikia watu wakigonga kutoka ndani. Tundu likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikapata pa kutokea, nayo ikazama. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo ya kitaifa.

Meli hiyo ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, lile la bei nafuu, halikuwa na orodha kabisa.

Ndiyo maana hadi leo waliokufa huhesabiwa kwa kukadiria. Kuna anayetaja zaidi ya 800 na kuna anayefika 1,000. Baina ya kadirio moja na jingine kuna pengo la watu wapatao 200, ambao ni kitongoji kizima, na wao huingizwa au kutolewa kwenye hesabu kutegemea nani anasimulia. Kila Mei 21 watu hukusanyika katika makaburi ya Igoma, Mwanza, walikozikwa baadhi ya marehemu, wakasali na kuweka maua. Hilo ni jema na liendelee. Lakini majina yanayosomeka kwa urahisi ni ya wale waliokuwa na mtu wa kuwataja.

Hapo ndipo penye dosari ambayo haisemwi vya kutosha. Msiba wa nchi hii huandikwa na aliyebaki. Mume hutaja mkewe, mtoto hutaja baba yake, ndugu hufuata cheti cha kifo, mirathi na fidia. Nyumba iliyoondoka yote, baba, mama na watoto, haina wa kwenda dirishani. Baba mdogo aliye mbali anaweza kuja kusimamia shamba, lakini hata yeye huenda hakuwahi kumwona yule mtoto wa mwisho aliyezaliwa miezi 4 kabla. Aliyemwona ni jirani, na pengine ndiye aliyemwogesha.

Kwa Wahaya, wenyeji wa Bukoba, jambo hili lina uzito wake. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndimo wanamozikwa wenye nyumba. Ukipita njiani unaona makaburi katikati ya migomba, na mtoto hukua akijua babu yake amelala wapi. Kibanja cha familia iliyopotelea ziwani hakina kaburi la watu wake wa mwisho. Migomba huendelea kuzaa, mwingine hukata mikungu, uzio husogezwa. Alama pekee inayobaki ni kauli ya jirani anapoelekeza mgeni njia: pita pale kwa wale wa meli, kata kulia.

Tena Kagera, mkoa ilipo Bukoba, ilikuwa imeshazoea kuzika kupita kiasi. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia mwaka 1978. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huohuo, na miaka iliyofuata ikawaacha bibi wengi wakilea wajukuu. Meli ilizama juu ya misiba hiyo. Katika baadhi ya nyumba, waliopanda ndio waliokuwa wamesalia.

Kuna jambo linalochoma zaidi. Miongoni mwa waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa wakuu wa al-Qaeda, aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki kwa jina la bandia. Wenzake walitumwa hadi ziwani kuthibitisha kwamba kweli amekufa. Mwaka 2001, katika kesi ya mabomu ya balozi za Marekani, mahakama ya New York ilisikiliza ushahidi kuhusu kifo chake. Mtu aliyejificha nyuma ya majina ya uongo alitafutwa mpaka akapatikana kwenye kumbukumbu za dunia. Mchuuzi wa ndizi aliyetumia jina lake la kweli maisha yake yote hakutafutwa na karani hata mmoja.

Watakuwapo watakaosema miaka 30 ni mingi na kidonda kimekwisha kufunga, ya nini kukitonesha? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama majirani wangekuwa wamesahau. Hawajasahau, wanapita mbele ya kile kibanja kila siku. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza.

Zanzibar ilijifunza jambo hili kwa uchungu wake. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi mnamo Septemba 10, 2011, miili iliyopatikana ilikuwa 203. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi, waliokufa na waliopotea walikuwa wamepita 1,500. Bahari haikurudisha miili hiyo mingine yote. Mtu asiyeonekana huingia kwenye hesabu pale tu mwenzake anapojitokeza kusema: fulani alipanda, na hajarudi.

Kazi kama hiyo bado inawezekana Kagera na Mwanza, ingawa muda unayoyoma. Aliyekuwa na miaka 40 wakati ule sasa anagonga 70. Na kumbukumbu ya jirani ina namna yake, inataka kusikilizwa kwa subira. Jirani huenda asijue jina la mama wa nyumba ile kama lilivyoandikwa ofisini, maana mtaani alikuwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kama huyo mtoto naye alikuwamo melini, jina hilo moja limebeba marehemu wawili. Karani asiyelijua hilo ataandika mmoja.

Baada ya jirani kusema, yapo ya kulinganisha nayo: vitabu vya ubatizo parokiani, wazee wa msikiti, madaftari ya mahudhurio ya shule za msingi kwa mwaka 1996 pale yalipohifadhiwa. Katika daftari la darasa, mtoto aliyepanda meli ana alama za kuwapo hadi wiki ile ya Mei, kisha mstari wake unakuwa mtupu.

Halmashauri za mikoa hiyo miwili hazihitaji mfadhili wala warsha ya hoteli kwa jambo hili. Ziwaagize watendaji wa vijiji na mitaa, kila mmoja na daftari lake, waanze na wazee waliokuwapo. Mtendaji aketi kwenye kigoda, akubali kahawa atakayokaribishwa, aulize swali moja kisha anyamaze aandike: bibi, nyumba ile pale kwa wale wa meli, walikuwa wangapi, na mlikuwa mkiwaitaje?