Kuhesabu Sababu Siyo Kueleza

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa sana siku hizi na askari wetu, awe zamuni mpakani Mpondwe au mapumzikoni kambini, ni yale yanayoanza kwa tarakimu: sababu tano za jambo fulani, mambo saba usiyoyajua, dalili kumi za adui. Maandishi hayo ni mepesi kusoma, na ni mepesi zaidi kusambaza kwa simu. Lakini yafaa tujiulize: je, yanamwongezea msomaji maarifa, au yanamwachia hesabu tu?

Hapana shaka kwamba orodha ina mahali pake. Askari anayepokea zamu kwenye ghala la silaha hukagua bunduki moja moja kwa orodha, na polisi huorodhesha vielelezo vyote vya kesi. Kazi ya orodha ni kuhakikisha kwamba hakuna kilichosahauliwa. Haisemi kipi kilizaa kipi, wala kipi ni kizito kuliko kingine.

Historia ya Uganda inatufundisha hatari ya kusahau tofauti hiyo. Tarehe 25 Januari 1971, askari mmoja alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za jeshi kuipindua Serikali ya Obote. Kuwekwa watu kizuizini bila kuhukumiwa kulitajwa pamoja na rushwa na kodi kubwa. Wengi walishangilia, maana kila mtu alikuta humo jambo lililomuumiza. Lakini mwaka huohuo ikatolewa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia, na katika miaka minane ya Idi Amin kizuizi na mauaji vikazidi yote yaliyolalamikiwa. Orodha ile ilikuwa imetaja maovu bila kueleza chanzo chake wala njia ya kuyazuia. Kwa hiyo haikumfunga mtu yeyote.

Hoja Kumi za NRM zilizojulikana sana mwaka 1986 nazo zilikuwa orodha. Lakini kila hoja iliandikiwa maelezo yake, hata mwananchi akaweza, na leo bado anaweza, kuzipima kwa matendo. Tusilaumu tarakimu, basi. Tulaumu tarakimu inapokaa mahali pa maelezo.

Tutazame mambo kutoka Rukoki, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kasese. Mwaka 1962 viongozi wa Wakonzo na Waamba walidai wilaya yao, nje ya utawala wa Toro. Walipokataliwa, dai la wilaya likageuka kuwa dai la ufalme wa Rwenzururu, na watu wakapanda milimani na silaha. Mwaka 1974 wilaya zikapatikana, lakini mgogoro haukutulia hadi mapatano ya 1982. Serikali ilipoutambua ufalme mwaka 2009, yakazuka maswali mapya juu ya mipaka, ardhi na walinzi wa mfalme. Julai 2014 vituo vya polisi na kambi vikashambuliwa. Novemba 2016 polisi wakauawa, jumba la mfalme mjini Kasese likavamiwa, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Mambo hayo ni mnyororo: kila pete imeshikwa na iliyotangulia. Ukizikata na kuzipanga kama sababu tano, neno ukabila litakaa peke yake kwenye mstari wake, na msomaji mwenye haraka ataondoka nalo hilo tu. Akiwa ni mtu wa kawaida, amepotoka yeye. Akiwa ni askari mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani, atamwona kila kijana wa Kikonzo kuwa mshukiwa. Na kijana aliyedhalilishwa bila kosa hatakuja tena kutoa habari za adui anayevuka mpaka.

Ndugu askari, unapoletewa orodha ya namna hiyo, iulize maswali mawili: jambo hili lilitokana na nini, na lilizaa nini? Vivyo hivyo, unapoandika taarifa ya doria, usitosheke na kupanga matukio kwa namba. Mkubwa wako ataamua juu ya maisha ya watu kwa kutegemea maneno yako. Mweleze.