Faldo alibomoa nyumba naye yumo ndani

Kuna maneno yaliyosemwa mwaka 1987 na yangali yakisemwa hata leo, kwamba Nick Faldo hakulishinda kombe la Open kule Muirfield, bali aliachiwa na mwenziwe aliyekosea. Wasemao hivyo wana hoja yao. Siku ile ya mwisho, Jumapili tarehe 19 Julai, Mwingereza huyu alicheza mashimo yote 18 asipate faida ya pigo moja popote. Basi ushindi gani huo, waniuliza, usiokuwa na tendo hata moja la kumwinua mtu kitini? Nami nashikilia kuwa siku ile ndiyo kubwa kuliko zote katika maisha yake ya mchezo, na kwamba wamtoleao kasoro wameitazama siku moja wakaisahau miaka mitatu iliyoitangulia.

Kwa msomaji ambaye gofu hupishana naye njiani tu, nieleze kidogo. Kila shimo limewekewa idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuyatumia mpaka mpira uingie. Ukitumia machache, umepata faida. Ukizidisha, umekula hasara. Pale Muirfield, Scotland, mashimo 18 yalikuwa yamewekewa jumla ya mapigo 71. Faldo alipiga 71. Si kwamba alipoteza hapa akafidia kule, la. Kila shimo, moja baada ya jingine, alilimaliza kwa idadi ile ile iliyowekwa, katika baridi na ukungu uliokuwa ukitoka baharini, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 30.

Sasa turudi nyuma. Faldo alizaliwa 1957 huko Welwyn Garden City, mji ulio kaskazini ya London, akiwa mtoto wa pekee wa wazazi wa hali ya kawaida. Gofu aliiona katika televisheni mwaka 1971, akiwa na miaka 13, alipomtazama Mmarekani Jack Nicklaus akicheza katika mashindano ya Masters. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa. Mwaka 1976 akaanza kucheza kwa malipo, na 1977, akiwa na miaka 20, aliingizwa katika timu ya Kombe la Ryder akamshinda Tom Watson, ambaye mwaka ule ule alikuwa ametwaa Masters na Open zote mbili. Kijana gani asingevimba kichwa?

Mwaka 1983 alishinda mashindano matano ya Ulaya na kuwa wa kwanza katika orodha ya mapato. Mwaka uliofuata akashinda Marekani. Fedha zilikuwa zikija, makampuni yakimtaka, na mzunguko wa fimbo yake, mrefu na mwororo, ulisifiwa na kila aliyeuona. Lakini kila alipofika katika yale mashindano manne makuu, siku ya mwisho mambo yalimponyoka. Katika Masters ya 1984 alikuwa karibu na wanaoongoza, akamaliza kwa mapigo 76 akaporomoka. Magazeti ya kwao yalilichezea jina lake mpaka likawa na maana ya mtu anayekunjika mambo yakiwa mazito.

Hapa ndipo ninapomstahi. Mimi ni mtu wa tungo, na nitampima kwa kipimo nikijuacho. Chukua malenga ambaye mashairi yake yaimbwa harusini, watu wamtunza na kumpigia makofi. Usiku, akiwa peke yake, asikia mizani zake zachechemea pale penye kina cha kati. Hapana mwengine aliyesikia. Je, ataacha kutafuta sifa, akae mbele ya mwalimu ahesabishwe mizani upya kama mwanafunzi, huku wale waliokuwa wakimshangilia wakimcheka barazani? Wengi wetu tungenyamaza tukaendelea kutunzwa.

Faldo hakunyamaza. Alimwendea David Leadbetter, mwalimu mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Zimbabwe, na mwaka 1985 wakaanza kazi hasa. Msidhani ilikuwa kazi ya kurekebisha jambo moja mawili. Mpigaji wa gofu hana nafasi ya kufikiri fimbo ikisha kushuka. Mwili ndio hufanya kama ulivyozoea, na mazoea ya miaka kumi na zaidi hayatoki kwa kuambiwa. Ilikuwa abadilishe namna ya kuinyanyua fimbo na kuizungusha, miguu itulie, kiwiliwili kiongoze, mikono ifuate. Alipiga mamia ya mipira kwa siku, siku baada ya siku, katika joto la Florida, kiasi cha viganja kuchubuka.

Na katika muda huo, mchezo wake ulikuwa mbaya kuliko ule alioukimbia. Katika Kombe la Ryder la 1985 wenzake waliwashinda Wamarekani kwa mara ya kwanza tangu 1957. Yeye alicheza mara mbili, akafungwa mara mbili. Wadhamini wakaanza kumhama. Tangu 1984 mpaka Mei 1987 hakushinda shindano lolote. Ukimwuliza mtu wa hesabu angekwambia huyu amepotewa na akili: alikuwa na nyumba nzuri, ameibomoa naye yumo ndani, na hana hakika kama mpya itasimama.

Aprili ya 1987 hata Masters hakualikwa. Juma lile lile, mabingwa wakiwa Augusta, yeye alikuwa Hattiesburg, mji wa jimbo la Mississippi, akicheza shindano dogo walilokwenda wasioalikwa. Alipiga 67 siku ya kwanza. Siku ya pili 67. Ya tatu 67, na ya nne 67. Akawa wa pili, na nadhani hapana magazeti mengi yaliyojishughulisha naye. Ila mtu mwenye jicho angeona: mikono ilikuwa imeshajua la kufanya bila ya kuamrishwa.

Ndipo ikaja Muirfield. Paul Azinger wa Marekani alianza siku ya mwisho akiwa mbele yake kwa pigo moja, na walipofika nusu ya safari tofauti ilikuwa mapigo matatu. Faldo hakufukuza. Aliendelea na hesabu yake ile ile. Katika shimo la 18 alipiga kwa fimbo ya chuma namba 5 mpaka mpira ukakaa kwenye nyasi fupi, akausukuma ukalipita shimo kwa hatua mbili hivi, kisha akauingiza. Nyuma yake Azinger alitumbukia mchangani katika shimo la 17 akatumia mapigo sita badala ya matano, na katika la 18 akaingia mchangani tena. Pigo moja likawatenga. Waniambia Azinger ndiye aliyelitupa kombe. Sawa, lakini kombe likitupwa huokotwa na aliyepo. Wengine waliokuwa uwanjani saa ile hawakuwapo mahali pa kuokota.

Yaliyofuata yajulikana, nami sitayarefusha. Masters ya 1989 na ya 1990, Open ya 1990 pale St Andrews kwa mapigo matano, na Open ya 1992, Muirfield tena. Siku hiyo alipokabidhiwa kombe aliwashukuru waandishi wa habari kwa shukrani iliyogeuzwa ikawa tusi, kisha akaimba mbele ya watu. Mimi nami ni mwandishi, na tusi lile silipendi. Hakuwa mtu wa kupendeka. Wachezaji wenzake walimwona mkavu, asiyezungumza uwanjani. Nafikiri ule ukavu na ile miaka ya kupiga mipira vilitoka kisima kimoja, na hukuweza kuteka kimoja ukakiacha kingine.

Mwaka 1996, huko Augusta, alianza Jumapili akiwa nyuma ya Mwaustralia Greg Norman kwa mapigo sita. Norman alianza kupoteza mchana. Walipotoka shimo la 11 walikuwa sawa, na katika la 12 mpira wa Norman ukaangukia majini. Katika la 13 Faldo alishika fimbo ya mti namba 5, akairudisha mkobani, akatoa ya chuma namba 2, chombo kigumu kukitumia ukiwa umechoka na ulimwengu wakutazama. Mpira ulivuka kijito ukatua kwenye nyasi fupi. Alimaliza kwa 67, Norman kwa 78. Kisha yule mtu mkavu akamkumbatia mwenziwe pale pale kando ya shimo la mwisho, akamshika kwa muda mrefu, wote wawili macho yamelowa. Alikuwa na miaka 38, na hilo la sita ndilo lililokuwa la mwisho.