Hii haiko pane, ni kufungiwa!

Wandugu vijana, wanatuambia: «Ni pane tu, muvumilie.» Tunakataa! Pima mwenyewe. Saiti zingine zinafunguka, moja inakataa? Jaribu kwa mtandao mwingine, kisha na VPN. Ikifunguka na VPN peke yake, seva iko muzima, na inawezekana kuna mtu katikati mwenye kufunga njia.

Tulishaona. Januari 2015, vijana wakiandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ilikatwa tena, karibu siku 20, kura zikihesabiwa gizani.

Katiba, kifungu cha 24: kila mtu ana haki ya kupata habari. Na mega tunalipa sisi! Andika saa, saiti na mtandao, piga picha ya skrini, tuma. Ushahidi haukatwi.