Jiko la Makaa Lisilale Chumbani

JUNI na Julai ni miezi ya baridi Nairobi, Limuru na Eldoret. Jioni ikiingia, familia nyingi za chumba kimoja hulivuta jiko karibu na kitanda, zikafunga mlango na dirisha, kisha zikaziba kwa matambara hata ule upenyo wa chini ya mlango. Watoto hulala wakiwa na joto, naye mzazi huona amewatendea mema.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo hatari ilipo. Mara nyingi msimu wa baridi huja na habari za watu waliolala na jiko wakakutwa asubuhi wamekufa, bila jeraha wala dalili ya moto.

Kinachoua ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, itokayo kwenye makaa yanayowaka. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na viungo vikalegea. Aliyelala huenda asihisi lolote.

Kuna imani kadhaa zinazotuponza. Ya kwanza ni kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, jiko ni salama. Ni vyema kuliwasha nje, lakini moshi ukiisha sumu haijaisha. Makaa huendelea kuitoa hata yakiwa yamefunikwa na jivu. Ya pili ni kwamba sufuria ya maji juu ya jiko humeza sumu. Maji hayaimezi. Ya tatu ni kulitegemea jiko lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980. Hilo huokoa makaa kuliko lile la bati tupu, lakini halizuii sumu.

Basi uliweke wapi? Mahali pake hasa ni nje, chini ya kipaa cha kuzuia mvua. Ikiwa huna budi kupikia ndani, liweke karibu na mlango ulio wazi, na dirisha la upande wa pili liwe wazi pia ili hewa ipite. Litegemeze juu ya matofali yaliyolala sawasawa, si juu ya zulia wala ubao. Pazia, godoro na chupa ya mafuta taa viwe mbali, angalau mita moja, nao watoto wasicheze hapo.

Kwa anayejenga jiko la kudumu la kuni au makaa, bomba la moshi litoke hadi juu ya paa, lisiguse mbao wala dari, na lisafishwe masizi mara kwa mara. Bomba lililoziba huurudisha moshi na sumu ndani. Hata likiwa zima, dirisha la jikoni lisizibwe.

Chakula kikiiva, toa jiko nje kabla mtu yeyote hajalala. Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe la bati lenye kifuniko, lililo nje, yazimikie humo. Usiyamwage kwenye pipa la plastiki, kwani kaa moja lililofichika jivuni laweza kuwasha takataka zote.

Na baridi je? Acha jiko lipashe maji, nayo maji yapashe kitanda. Tia maji ya moto kwenye chupa madhubuti, ifunge vizuri, izungushie kitambaa na uiweke ndani ya blanketi. Ukitaka kumlaza mtoto mchanga, itoe kwanza.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na dirisha, umtoe upesi penye hewa safi na uite majirani. Asiyejitambua asipewe maziwa wala maji. Mkimbize hospitali ambako atapewa oksijeni, hata kama amezinduka, na mweleze daktari kwamba palikuwa na jiko chumbani.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, hesabu watoto, funga mlango, na uhakikishe jiko limebaki upande wa nje. Tahadhari kabla ya hatari. Tukutane Jumapili ijayo.