Koo la Mbuzi Litakuokoa Kakuma

Cheki hii msee: umeanguka na nduthi Kakuma, damu imejaa mdomoni, hewa haipiti. Bila oksijeni ubongo huanza kuharibika kwa dakika 4 hivi. Lodwar iko kama kilomita 120. Ni nesi wa zamu hapo hapo ama basi.

Sasa semina ya hoteli, chai na cheti itamsaidia na nini? Wekeni meza Kakuma, nyingine hospitali ya rufaa Lodwar: sanamu ya mazoezi, mfuko wa kusukuma hewa na barakoa yake, koo za mbuzi kutoka kichinjioni. Kwingine hutumia za kondoo na nguruwe. Turkana mbuzi si wako, manze! Akate, aingize mpira, akosee, arudie. Halafu baada ya miezi michache arudi tena, juu mikono husahau.