Kwa Nini Hatukwenda Vitani Kongo

Mpaka leo katika mikutano yetu ya Bukoba na Muleba hakosi mtu wa kuuliza: mwaka 1978 Idi Amin alipotuvamia, Msumbiji ilituletea askari. Mbona mwaka 1998 Laurent Kabila, aliyeishi kwetu miaka mingi, alipovamiwa, Zimbabwe, Angola na Namibia zilikwenda, sisi tukabaki nyumbani? Huo si usaliti?

Swali ni la haki, wala silidharau. Kongo ilivamiwa kama tulivyovamiwa sisi. Lakini tazameni ramani. Nchi zile tatu hazipakani na Rwanda wala Uganda. Sisi wa Kagera tunapakana na zote mbili. Askari wetu wangepiga risasi kule Kongo, jibu lingekuja Mutukula na Rusumo, na wa kwanza kukimbia na watoto mgongoni angekuwa mkulima wa migomba, si mkubwa wa Dar es Salaam. Wazee wetu wanalijua jambo hilo tangu daraja la Kyaka lilipovunjwa.

Tena mwaka ule ule wa 1998 Mwalimu Nyerere alikuwa amewakalisha Warundi Arusha wapatane. Nani angemsikiliza mpatanishi ambaye nchi yake inapigana ng'ambo ya ziwa?

Na rafiki hatukumtupa. Wakongo waliokimbia vita walivuka Ziwa Tanganyika, tukawapokea Kigoma. Mwaka 2013 tulipopeleka askari Kongo, walikwenda chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.