Dakika thelathini baada ya sindano: usiharakishe kumrudisha mbwa nyumbani

IKIWA wewe hufuga mbwa au paka hapo mtaani kwako, bila shaka umewahi kumpeleka kudungwa sindano ya kuzuia kichaa. Hebu nikuulize: baada ya kudungwa, mlikaa kwa daktari kwa muda gani? Kama wewe ni kama wengi wetu, ulilipa, ukachukua kadi, ukamvuta mnyama wako kwa kamba na kushika njia. Mimi nilifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, na sikuona ubaya wowote.

Jumamosi moja nilimpeleka mbwa wetu wa nyumbani, Spitz mdogo mweupe ambaye hata kilo nane hafikishi. Alidungwa sindano mbili kwa mpigo: moja ya kichaa, na nyingine ile ya mchanganyiko inayokinga distempa, parvo na magonjwa mengine. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata zizo hizo na hakupiga hata chafya. Daktari akaandika kadi, akanipa, akaita mwenye zamu iliyofuata. Hakuniambia ningoje, nami sikuuliza.

Tulikuwa bado kwenye msongamano wa magari alipoanza kuukwaruza uso wake kwa kucha. Nikadhani ni viroboto. Kisha akatapika juu ya kiti cha nyuma, akatapika tena, na tumbo likamwachilia. Tulipofika langoni macho yalikuwa yamefura hata hayafunguki. Fizi zake, ambazo huwa na rangi ya waridi, zilikuwa nyeupe. Nilimshusha chini asimame, miguu ikakataa.

Majirani walikusanyika, na kila mmoja alikuwa na tiba. Wa kwanza alisema amelishwa sumu na wezi wanaopanga kuja usiku. Mama mmoja akakimbia na pakiti ya maziwa ili tumnyweshe kwa nguvu. Mwingine akasema Panadol. Aliyetuokoa ni kijana anayeosha magari hapo mtaani, ambaye aliuliza swali moja tu: "Mzee, si huyu mbwa ametoka kudungwa sasa hivi? Mrudishe huko huko." Nikamrudisha. Alidungwa adrenalini, akatundikiwa maji ya mshipa, na jioni alikuwa amelala akikoroma.

(Kuhusu maziwa na Panadol, niseme mara moja na tuendelee. Mnyama aliyelegea ukimmiminia maziwa kinywani yanaweza kumwingia mapafuni. Na dawa ya Panadol kwa paka ni sumu kabisa, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.)

Hali iliyompata mbwa wangu wataalamu huiita anafilaksisi. Ni aina kali kupita zote ya mzio, yaani kile ambacho wengi wetu hukiita aleji. Mwili umejengwa kutambua kitu kigeni na kupambana nacho, na chanjo hutegemea uwezo huo huo. Lakini ndani ya chupa ya chanjo hamna kirusi kilichouawa au kudhoofishwa peke yake. Mna pia chembechembe za protini zilizosalia wakati wa kuitengeneza, kama vile zile za damu ya ng'ombe zinazotumiwa kukuzia virusi katika maabara, na wakati mwingine jelatini ya kuihifadhi. Mwili wa mnyama mmoja kati ya wengi hukosea ukazichukulia chembechembe hizo kama adui mkubwa. Mara ya kwanza huunda kingamwili na kuzitawanya kimya kimya juu ya seli fulani zilizojaa histamini. Ukija mdungo mwingine, seli hizo hupasua hazina yake yote kwa wakati mmoja. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, shinikizo la damu likaporomoka, na mnyama akazimia.

Ndiyo sababu kauli ya "mwaka jana alidungwa na hakuna lililomfika" si kinga. Aghalabu mwaka jana ndipo mwili ulipojifunza kukosea.

Jambo hili si geni, na la kushangaza ni kwamba liligunduliwa kwa mbwa. Wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini, wakitaraji kwamba mbwa aliyedungwa kiasi kidogo angezoea na kupata kinga. Mwaka wa 1902 walitangaza kwamba kinyume chake ndicho kilichotukia. Mbwa mmoja mwenye afya na nguvu, jina lake Neptune, alidungwa mara ya kwanza asidhurike. Wiki kadhaa baadaye alidungwa tena kiasi kidogo, na kabla ya nusu saa kwisha alikuwa amekufa. Richet alitunga jina la anafilaksisi kwa lugha ya Kigiriki kuonyesha kinyume cha kinga, na mwaka wa 1913 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi huo.

Sasa utaniuliza, je, balaa hili ni la kawaida kiasi gani? La, si la kawaida. Nchini Marekani kumbukumbu za mbwa zaidi ya milioni 1.2 waliochanjwa mwaka wa 2002 na 2003 zilichunguzwa. Kati ya kila mbwa 10,000, ni kama 38 tu walioonyesha madhara ya aina yoyote katika siku tatu za kwanza, na wengi wao walikuwa na uvimbe wa uso au vipele tu, si kuzimia. Lakini uchunguzi huo ulifichua mambo mawili ambayo kila mwenye mbwa mdogo ayakumbuke. Kwanza, mbwa wadogo wa umbo walidhurika zaidi kuliko wakubwa. Pili, kila chanjo iliyoongezwa katika ziara moja ilizidisha hatari, hasa kwa hao wadogo. Mbwa wangu alikuwa mdogo, na alidungwa mbili kwa mpigo.

Wenzetu wa Marekani wana mnyama mwingine aliyewafundisha somo hili kwa ukali zaidi. Anaitwa feriti. Ni mwembamba na mrefu, wa ukoo mmoja na kicheche wetu, na huko watu humfuga sebuleni kama sisi tufugavyo paka. Feriti akipata distempa karibu kila mara hufa, kwa hiyo chanjo haiepukiki. Hata hivyo, mwili wake ni mwepesi wa mzio. Katika miaka hiyo hiyo ya 2002 na 2003, feriti zaidi ya 3,500 waliochanjwa walichunguzwa na visa 30 vya madhara vikapatikana. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mbwa. Wengi walitapika na kuharisha. Kadiri feriti alivyokuwa amedungwa chanjo nyingi zaidi maishani, ndivyo hatari ilivyozidi. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huko huzitenganisha chanjo zake mbili kwa wiki kadhaa, na humzuia mwenye feriti asitoke klinikini mpaka muda upite.

Mbona basi mbwa wa Buruburu, Tudor au Kondele asipewe heshima hiyo hiyo?

Najua kuna msomaji ambaye amefika hapa na kujiambia, "Kumbe! Basi wangu hatadungwa tena." Tafadhali usinielewe vibaya. Serikali hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 2,000 kila mwaka katika nchi hii. Kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa karibu na Nairobi mwaka wa 1912, na zaidi ya karne moja baadaye bado tunazika watoto. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna hospitali itakayokuponya. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 ulilenga kuumaliza ugonjwa huu ifikapo mwaka wa 2030, na hesabu yake ni rahisi: angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe, mwaka baada ya mwaka. Anayemnyima mbwa wake sindano kwa kuogopa mzio anaogopa mvua na kukimbilia mtoni.

Ninachopinga mimi ni haraka na ukimya. Daktari anajua hatari hii ipo, kwa kuwa alifundishwa chuoni. Mbona asitamke sentensi moja, "Keti hapo nje nusu saa"? Nimeuliza, nikajibiwa kwamba wenye wanyama wataogopa na kutoroka. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Mama anayempeleka mtoto kliniki huambiwa kwamba mtoto atapata joto usiku, na bado hurudi mwezi ufuatao. Anayetoroka ni yule aliyeachwa gizani, akaona mnyama wake amezimia, na baadaye akawasimulia mtaa mzima kwamba chanjo ya serikali inaua mbwa. Mtu mmoja wa namna hiyo huharibu kampeni ya kata nzima.

Kampeni hizo za bure nazo nina neno juu yake. Nimezishuhudia kiwanjani: foleni ya watoto na mbwa wao wamefungwa kwa kamba za katani, meza moja, sanduku la barafu, na kijana mwenye sindano anayefanya kazi kama mashine. Ni kazi njema na ya sifa. Lakini pale mezani je, mna chupa ya adrenalini? Dawa hiyo ni ya zamani, bei yake si ya kutisha, na ndiyo ya kwanza katika kuokoa. Kaunti inayoweza kununua maelfu ya dozi za chanjo haiwezi kushindwa na chupa chache za adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Na upande wa pili wa kiwanja pawe na kivuli ambapo waliodungwa watapumzika kabla ya kutawanyika.

Waama, kuna wengine wabaya zaidi, nao ni sisi wenyewe tunaonunua chanjo dukani, tukaibeba mfukoni juani, na kumdunga mbwa nyuma ya nyumba ili kuokoa ada ya daktari. Joto huiharibu chanjo, kwa hiyo huenda umemdunga maji matupu. Na akizimia mikononi mwako saa tatu usiku, utamfanyia nini?

Msomaji, jua namna ya kutofautisha mambo. Mnyama aliyechoka siku moja au mbili, asiye na hamu ya chakula, mwenye joto kidogo au kinundu pale alipodungwa, huyo mwachie alale. Lakini ukiona uso unafura, vipele vinatokeza, anatapika au kuharisha muda mfupi baada ya sindano, fizi zinageuka nyeupe au anayumba, hiyo ni dharura na kila dakika ina thamani. Paka mara nyingi huonyesha kwa njia nyingine: hutokwa mate, huukuna uso na kuhema kwa shida. Visa vikali kabisa kwa kawaida huanza ndani ya nusu saa hiyo ya kwanza. Uvimbe wa uso waweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo mdunge asubuhi, siku ambayo utakuwa nyumbani, na wala si jioni kliniki inapofungwa.

Na aliyewahi kudhurika, je? Yaandikwe kwenye kadi yake kwa kalamu isiyofutika, pamoja na jina la chanjo na nambari iliyo kwenye chupa, na daktari aijulishe idara inayosimamia dawa za mifugo. Safari nyingine daktari anaweza kumpa dawa ya kupunguza mzio mapema, kutenganisha chanjo, kutafuta ya mtengenezaji mwingine, au kuamua kwamba fulani haihitajiki tena. Huo ni uamuzi wake akishauriana nawe, si wa jirani mwenye pakiti ya maziwa.

Mbwa wangu alirudi kudungwa mwaka huu, kwa daktari mwingine. Alipata dawa ya mzio kwanza, kisha sindano ya kichaa peke yake, na ile ya mchanganyiko ikaahirishwa kwa wiki tatu. Tuliketi kwenye benchi nje, nikaagiza chai kibandani. Mwanamume mmoja alitoka na mbwa wake mkubwa wa ulinzi, akatutazama, akauliza kama tunasubiri zamu. Nikamweleza. Alitazama saa yake, akatazama gari lake, kisha akaketi.